Mashindano ya insha ya ushirikiano yasiyofika Masisi wala Walikale

Kila mwaka tangazo lilelile hunifikia kwenye simu. Limepita katika makundi mengi ya WhatsApp hata picha imefifia. Linasema: wanafunzi wa sekondari mnaalikwa kuandika insha juu ya ushirikiano wa nchi zetu. Safari hii huwa la Jumuiya ya Afrika Mashariki, safari nyingine la SADC, ile Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika. Mshindi anapewa pesa na cheti, na imetokea washindi waitwe kupokea zawadi kwenye mkutano wa kilele, mbele ya marais. Mimi hulisoma redioni, baada ya matangazo ya vilio na ya vitambulisho vilivyopotea. Habari inaishia hapo. Tangu nianze kushika maikrofoni sijakutana na mwanafunzi hata mmoja wa Masisi wala wa Walikale aliyeshiriki.

Kisha siku nyingine ninaalikwa kwenye semina. Mgeni anasimama, anasema vijana wa huku ndani hawana hamu na mambo ya ushirikiano wa kimataifa, na kwa hiyo inafaa wahamasishwe. Watu wanaandika neno hilo, tunakunywa soda, tunapiga picha ya pamoja, tunarudi nyumbani.

Ninakataa maneno hayo. Vijana wetu hawakosi hamu. Mlango wa mashindano haya umejengwa mahali ambapo mtoto wa Masisi hawezi kufika, halafu wenye mlango wanashangaa kwa nini hapigi hodi.

Tuanze na swali la nani anaujua ushirikiano. Congo imo katika SADC tangu 1997. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikubaliwa tarehe 29 Machi 2022, na mkataba ukatiwa sahihi tarehe 8 Aprili mwaka huohuo. Ni sisi na Tanzania tu tulio wanachama wa jumuiya zote mbili. Haya mwanafunzi wa Dar es Salaam ama wa Nairobi anaweza kuyasoma kitabuni. Mwanafunzi wa Sake ameyaona yakipita mbele ya nyumba yao.

Hesabu pamoja nami, ndugu msomaji. Novemba 2022 kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kilianza kuingia Goma, Wakenya wakiwa mbele. Machi 2023 Warundi wa kikosi hicho wakafika Sake, baadaye wakapanda mpaka Kitchanga. Desemba 2023 wote wakafunga mizigo, muda wao haukuongezwa. Mwezi huohuo wakaanza kuingia wa SADC: Afrika Kusini, Malawi na Tanzania. Februari 2024 bomu likaua askari wawili wa Afrika Kusini ndani ya kambi yao. Januari 2025, Sake na Goma zilipokuwa zinaanguka, Afrika Kusini peke yake ilipoteza askari 14. Tarehe 8 Februari 2025 wakuu wa jumuiya zote mbili wakakutana Dar es Salaam, na kilichowakutanisha ni vita vyetu. Tarehe 13 Machi SADC ikaamua kuondoa kikosi chake. Wiki haikwisha, M23 wakaingia Walikale-centre.

Mtoto aliyeanza sekondari mwaka 2022 ameona yote hayo kabla hajafika darasa la nne. Ameona bendera za nchi tano au sita juu ya magari, bila kuhesabu magari meupe ya Umoja wa Mataifa yaliyokuwapo kabla hajazaliwa. Amejifunza kusalimia askari kwa lafudhi zao. Halafu mtu anakuja kusema mtoto huyu hana habari za ushirikiano wa kimataifa?

Na si vita tu. Mawe ya Rubaya, huko Masisi, ni karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia nzima. Mgodi wa Bisie, huko Walikale, wa kampuni ya Alphamin, unatoa karibu asilimia 6 ya bati ya dunia. Machi 2025, M23 walipokaribia na mgodi ukasimama, bei ya bati ilipanda kwenye soko la London. Kwa hiyo jambo likitokea kwetu porini, London inasikia siku ileile. Jiwe la Masisi linajua kuvuka mipaka yote. Daftari la mtoto wa Masisi halivuki hata mto.

Nina sababu ya kusema juu ya daftari. Siku moja nilisoma tangazo la mashindano ya aina hii, sitasema yapi. Siku ya tatu msichana mmoja wa darasa la tano la sekondari, ambaye familia yao ilikuwa imekimbia kijiji, akaja studio na daftari lake, lile tunaloliita kaye. Alikuwa ameandika kurasa saba kwa bik ya bluu, kwa Kiswahili. Kichwa cha tangazo kiliuliza faida ya ushirikiano kwa vijana. Yeye aliandika juu ya magari matatu yaliyokuwa yakipita barabarani kwao: gari la askari wa kigeni, gari la mawe, na gari la maharagwe ya msaada. Akauliza kila gari linatoka wapi, linakwenda wapi, nani anaruhusu lipite, na kwa nini kati ya magari hayo hakuna hata moja ambalo wakaaji wa kijiji chake waliulizwa kabla halijapita. Mwishoni akaandika kwamba ushirikiano ataujua siku gari la nne litakapopita, lenye watu waliokuja kuuliza.

Nimefanya kozi ya uandishi wa habari. Nimesoma ripoti nyingi za watu wa digrii. Sikumbuki ripoti iliyouliza vizuri kuliko zile kurasa saba.

Nilipanda pikipiki nikapeleka kaye ile kwenye ofisi inayohusika. Sitaitaja ofisi, kwa kuwa aliyenipokea alikuwa na adabu na hakutunga yeye kanuni alizonisomea. Aliniambia insha haikupigwa kwa kompyuta. Haina muhuri wa shule. Haikuandikwa kwa lugha inayotakiwa. Na tarehe ya mwisho imepita siku tisa. Nikamwambia: shule yenye muhuri huo imegeuzwa makao ya wakimbizi, prefe mwenyewe hajulikani alikimbilia wapi, kompyuta iliyo karibu ni yetu ya redio na haina umeme tangu juzi, na tangazo lenyewe lilitufikia wakati tarehe imebaki siku mbili. Akasema: pole sana, Bwana muandishi. Nikarudi na kaye mkononi.

Tuziangalie hizo kanuni moja moja, maana ndizo zinazotufungia.

Ya kwanza ni lugha. Kwa miaka mingi insha za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimeandikwa kwa Kiingereza, na za SADC kwa Kiingereza, Kifaransa ama Kireno. Lakini SADC wenyewe, Agosti 2019, tena wakiwa Dar es Salaam, waliamua Kiswahili kiwe lugha yao rasmi ya nne. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliandika Kiswahili katika mkataba wake tangu 1999 kama lugha ya watu wote wa eneo, na mwaka 2021 wakuu wake wakakikubali pamoja na Kifaransa kuwa lugha rasmi. UNESCO imetupa hata sikukuu, tarehe 7 Julai. Katiba yetu ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Sasa niambie: lugha inayotosha kusherehekewa na wakubwa inashindwaje kutosha kwa mtoto wa sekondari kuandikia insha?

Wapo watakaocheka, waseme Kiswahili cha Kivu si sanifu. Sawa, tunajua. Lakini insha ya Kifaransa ya mtoto wa Walikale nayo si ya Paris, na mbona mnaipokea? Msahihishaji apime wazo kwanza, sarufi baadaye. Na kuna jambo zito zaidi, ambalo mtu wa mbali hawezi kuliona. Nyumbani watoto wetu wanasema Kihunde, Kinyarwanda, Kitembo, Kinyanga, Kikumu. Huku kwetu lugha ya mama yako inaweza kukufanya uulizwe maswali kwenye kizuizi cha barabarani. Kiswahili ndicho watoto hao wote wanachokutana nacho uwanjani bila mmoja kuwa mwenyeji na mwingine mgeni. Ukiwanyima Kiswahili katika mashindano ya ushirikiano, umewanyima lugha ambayo kwayo wao kwa wao wanashirikiana.

Ya pili ni muhuri na njia ya ofisi. Mashindano haya yanapitia wizara za elimu, kutoka shuleni kupanda mpaka jiji kuu, halafu kwenye makao ya jumuiya. Katika nchi yenye amani njia hiyo ni nzuri. Sisi tuko katika jimbo la elimu la Nord-Kivu 3, yaani Masisi na Walikale, ambamo sehemu kubwa iko mikononi mwa M23 na nyingine mikononi mwa serikali na Wazalendo. Mtoto hakuchagua upande. Akikosa muhuri kwa sababu ya mstari wa vita, anaadhibiwa kwa kosa la watu wazima.

Hapa ndipo ninapokasirika, ndugu msomaji, na naomba unisamehe. Masisi na Walikale kuna mashindano mengine ya kuwania vijana. Makundi ya silaha nayo yanatafuta wavulana wa darasa la tatu, la nne, la tano. Hayo hayaombi muhuri wa prefe. Hayaulizi kama umeandika kwa kompyuta. Hayana tarehe ya mwisho. Yanapokea mwaka mzima, usiku na mchana, kwa lugha yoyote. Yanampa kijana jina, kazi na watu wa kumsikiliza, ijapokuwa ni kwa uongo na kwa damu. Nimewajua vijana waliokuwa wakiongea vizuri katika kipindi chetu cha watoto, na leo ninawaona wamebeba bunduki kwenye kizuizi. Wananiita kaka, wananiachia nipite. Sisemi kwamba insha ingewazuia wote. Ninasema kwamba upande mmoja umefungua mlango wazi kabisa, na upande wetu, wa kalamu, unadai kwanza karatasi nne.

Najua majibu yatakayokuja.

Wa kwanza atasema: watu wana njaa, wewe unaleta habari za insha? Ni neno la haki, na mama mmoja wa sokoni aliniuliza hivyohivyo uso kwa uso. Lakini nimeona wazazi waliokimbia vita wakiuza sehemu ya maharagwe ya msaada ili walipe minervali ya mtoto. Wazazi hao wamekwisha kujibu. Wamekubali tumbo lipungukiwe ili daftari lisibaki tupu. Sisi ni nani kuwaambia kwamba daftari lingoje amani? Tena, maharagwe yenyewe ni ushirikiano wa kimataifa. Yanapangwa mbali, na watu wasiojua kama kijiji kimehama. Ni faida ya nani kwamba mtoto wa kijiji hicho asijue kuandika barua ya kuwauliza?

Wa pili atasema: hali ya usalama hairuhusu. Huyu namuuliza: chumvi inafikaje Walikale? Mafuta je? Pikipiki zinapita kila siku, na kadi za simu zinauzwa hata porini. Wanafunzi wa Masisi waliokimbilia Goma walifanya mtihani wa taifa hukohuko ugenini, kwa kuwa watu waliamua kwamba lazima wafanye. Mwaka 2020, Covid-19 ilipofunga shule, masomo yalipita kwenye Radio Okapi mpaka vijijini. Kwa hiyo tunajua kufanya. Kinachokosekana ni mtu wa kuamua kwamba mtoto wa huku anahesabiwa.

Wa tatu ananigusa zaidi, maana ni rafiki na ni mwalimu. Yeye anasema afadhali tusishiriki kabisa: haya ni mashindano ya kusifu, wakubwa wanataka watoto wawaambie kwamba jumuiya ni nzuri, halafu wapige makofi. Simpingi yote. Nimesoma vichwa vya insha vinavyouliza faida tu, kama vile hasara haipo. Lakini kukaa nje hakutabadili kichwa cha insha. Wakiandika watoto wa Arusha na wa Gaborone tu, basi hadithi ya ushirikiano itakuwa ya forodha na pasipoti, nayo ni hadithi ya kweli, lakini nusu. Nusu nyingine iko Sake, katika udongo walioachia Wakenya, Warundi, Wamalawi na Watanzania nyayo zao. Hata wale askari 14 wa Afrika Kusini, mama zao wanastahili kusikia mtoto wa huku akieleza alichokiona. Marais wanaokaa mbele kwenye mkutano wa kilele wanastahili zaidi.

Lawama nyingine naiweka juu yetu sisi wa redio. Tangazo likija tunalisoma mara moja, kwa Kifaransa, kwa haraka, kwa kuwa halilipiwi. Mgombea wa kisiasa akileta tangazo lake tunalirudia mara sita kwa siku mpaka watoto wanalikariri. Hatukuwahi kumwita mwalimu studio aeleze insha inaandikwaje. Hatukuwahi kuuliza ofisi kwa nini tangazo limechelewa. Mimi mwenyewe ile kaye niliipeleka kwa pikipiki, ndiyo, lakini habari yenyewe sikuitangaza wakati ule. Niliona haya ya kuwaudhi watu wa ofisi. Nimechelewa, na leo ninalipa deni.

Basi tunataka nini? Si mambo makubwa. Kwa jumuiya zote mbili, na kwa wizara yetu ya elimu inayopitisha mashindano haya, tunaomba mambo matano.

Insha ya Kiswahili ipokelewe, kama mlivyokwisha kukubali katika mikutano yenu.

Insha ya mkono ipokelewe, hata kwa picha ya simu, mradi inasomeka.

Mahali ambapo shule imefungwa ama imehama, sahihi ya mwalimu yeyote anayemjua mwanafunzi itoshe badala ya muhuri.

Tarehe ya mwisho ipangwe kwa kufikiria maeneo yanayopata habari kwa redio, na redio za jamii zipelekewe tangazo mapema, kwa Kiswahili.

Na kichwa cha insha kiruhusu mtoto kuuliza. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unasema ushirikiano huu ni wa kuwaweka watu mbele. Mtu aliyewekwa mbele anaruhusiwa kusema alipoumia.

Kwa wenzangu wa redio za jamii za Masisi na Walikale, popote mlipo, chini ya utawala wowote mnaofanyia kazi leo, nina ombi dogo. Tusingoje jibu la Arusha wala la Gaborone wala la Kinshasa. Tutenge nusu saa kwa wiki. Mwanafunzi alete daftari lake asome mwenyewe, kwa sauti yake, bila jina kama jina linamletea hatari. Wasikilizaji wa Kitchanga wamsikie mtoto wa Walikale, na wa Walikale wamsikie wa Nyabiondo. Zawadi iwe madaftari matano na bik, tutachanga. Mwisho wa mwaka tuzikusanye insha zote tuzipeleke kwa jumuiya hizo mbili, zikiwa na muhuri ama hazina, tuone nani atathubutu kuzirudisha.

Na wewe mgeni wa semina: ukija tena, usituletee kofia na fulana za kuhamasisha vijana. Keti saa moja na wanafunzi wa darasa la tano, uwaulize wanajua nini juu ya nchi jirani. Beba daftari kubwa.

Yule msichana alihama tena na familia yao, na simu aliyokuwa ameazima kwa jirani haipatikani. Kaye yake ninayo, iko katika sanduku la plastiki pamoja na kaseti za zamani za redio, ili mvua isiifikie. Akisoma haya, ama mtu wake akisoma, ajue kwamba kurasa saba ziko salama na kipindi cha kwanza kitaanza na yeye.